Historia ya Kinaka: Kiazi cha Mbugani Kisichokubali Matuta

Ndugu mkulima, keti kidogo, pumzisha jembe, tuzungumze.

Katika vipindi vilivyopita tulizungumza juu ya nafasi za kupanda mahindi, juu ya kuhifadhi viazi mviringo, na juu ya kuogesha mifugo. Leo nitakusimulia historia ya mmea ambao hakuna bwana shamba aliyewahi kukufundisha kuulima. Mimi mwenyewe nilijaribu kuulima nikashindwa, na kushindwa huko ndiko kulikonifanya nitafute habari zake. Mmea huo ni okidi ya ardhini, ile ambayo kiazi chake baadhi yetu wanakiita kinaka, na jirani zetu wa Zambia wanakiita chikanda.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wakulima wa nyanda za juu kusini ni hili: "Bwana shamba, ikiwa kiazi hiki kinanunuliwa, kwa nini tusikilime kama viazi vingine?" Ni swali zuri. Jibu lake ni refu kidogo, lina habari za Wafaransa, Waingereza, Wazambia na sisi wenyewe. Basi tulia nikusimulie.

Mmea wenyewe

Ukipita katika majani ya milimani, Makete, Njombe, Umalila au Ufipa, wakati wa mvua, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili, utaziona okidi. Kila mmea hutoa bua moja lililosimama wima, na juu yake maua mengi yaliyopangana kama punje kwenye suke. Nyingine ni za waridi, nyingine nyeupe, nyingine rangi ya chungwa, nyingine za kijani hata huzitambui mpaka uiname. Wataalamu huziweka katika koo mbalimbali: zipo Disa, zipo Satyrium, zipo Habenaria, na nyinginezo. Mkulima wa kawaida haoni tofauti kubwa. Kwake zote ni maua ya mbugani yenye kiazi chini.

Sasa chimba mmoja, lakini chimba kwa mawazo tu, usichukue jembe! Chini utakuta viazi viwili. Kimoja kimekunjamana, cha kahawia, kimechoka. Cha pili ni kigumu, cheupe, kimejaa. Kile kizee ni ghala la mwaka jana, nacho ndicho kilicholisha bua na maua unayoyaona. Kile kichanga ni ghala la mwaka ujao. Mvua zikiisha, majani hukauka, kizee huoza, na kichanga hulala ardhini peke yake wakati wote wa baridi na jalidi ya Juni, Julai na Agosti. Mvua zikirudi, kinaamka na kuchipua.

Je, mchimbaji anataka kipi? Anataka kile kigumu, cheupe, kilichojaa. Kizee hakina unga, anakitupa. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo, ndugu yangu. Ukichimba viazi mviringo, shina moja hukupa vingi, nawe unabakiza vingine kwa mbegu. Kinaka kwa kawaida huzaa kiazi kimoja tu cha kuendeleza maisha yake. Ukikichukua hicho, umechukua mavuno, umechukua mbegu, na umechukua mmea wenyewe. Mwakani hapo pana majani matupu.

Viazi hivyo viwili viliwashangaza watu tangu kale. Hata neno "okidi" linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya korodani. Mwanachuoni Theophrastus aliandika juu ya mimea hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Tusione haya; mkulima hulipa kila kitu jina kwa kadiri anavyokiona.

Jinsi kilivyokuwa chakula

Kinaka si chakula cha jana. Huko kaskazini mwa Zambia, kwa Wabemba na jirani zao, kimeliwa tangu enzi za mababu. Viazi huoshwa, hukaushwa, hutwangwa vikawa unga. Karanga nazo hutwangwa. Vyote hukorogwa katika maji ya moto pamoja na chumvi, pilipili na magadi, na kusongwa mpaka vishikane kama ugali mgumu. Kikipoa hukatwa vipande. Asiyekijua atadhani anakula nyama. Kilikuwa chakula cha kijijini: mama anakwenda mbugani, anachimba vya kutosha kikao kimoja, anarudi nyumbani. Mbuga ilikuwa kubwa na walaji walikuwa wachache, hivyo haikuonyesha jeraha.

Wala si sisi Waafrika peke yetu. Waturuki huchimba viazi vya okidi zao, huvikausha na kuvisaga, wakatengeneza kinywaji cha moto na maziwa kiitwacho salep. Kupata kilo moja ya unga huo mkavu kunahitaji viazi elfu moja au zaidi. Huko nako mbuga zilipungua, hata serikali yao ikapiga marufuku kuviuza viazi hivyo nje ya nchi.

Mji ulipoanza kula

Kilichobadilisha mambo ni mji. Wazambia walipohamia kwa wingi katika miji ya migodi na Lusaka, chakula chao kilihama nao. Chikanda kikawa kinauzwa sokoni, vituo vya mabasi, mpaka mahotelini. Aliyezaliwa mjini, asiyejua hata ua lake lilivyo, naye akakipenda. Mbuga za Zambia hazikuweza kuwalisha wote hao. Zilipokwisha za karibu, wafanyabiashara walivuka mipaka: wengine upande wa Kongo, wengine Malawi, na wengine kwetu Tanzania, kupitia Tunduma.

Kuanzia miaka ya 1990 biashara ilipanda mlima mpaka Makete na Njombe. Huko wengi waliochimba hawakuwa walaji wa kinaka. Walichimba kwa sababu mnunuzi alikuja na debe na fedha mkononi. Na ni nani angekataa? Msimu wa kuchimba unakuta ghala la mahindi limepungua, na ada ya shule haingoji mavuno.

Wataalamu wawili, Tim Davenport na Henry Ndangalasi, waliifuatilia biashara hiyo, na mwaka 2003 wakachapisha walichokiona. Walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka nyanda zetu za juu kusini kwenda Zambia kila mwaka. Ndugu mkulima, tuipime hesabu hiyo. Ukikaa chini ukahesabu kiazi kimoja kila sekunde, usile wala usilale, utahitaji zaidi ya siku 25 kuimaliza ile hesabu ndogo. Na kila kiazi ni mmea mzima uliokufa.

Nakumbuka mama mmoja wa huko milimani, ambaye jina lake nalihifadhi. Nilimkuta na kikapu chake, nikaanza kumhubiria habari za kuhifadhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ua halisomeshi mtoto." Nikanyamaza. Alikuwa na haki. Lakini tulipoketi, yeye mwenyewe akaendelea: "Zamani nilikuwa najaza debe kabla jua halijawa kali. Siku hizi natoka alfajiri, narudi magharibi, na debe halijafika nusu." Nami nikajua kwamba alichokuwa anakijua yeye kilikuwa kizito kuliko hotuba yangu yote.

Waliokuja kuandika majina

Kabla ya wenye madebe, walikuja wenye daftari. Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, Frederic Elton, alipita katika uwanda wetu wa juu akitoka upande wa Ziwa Nyasa, na kwa miaka mingi ramani za wageni ziliuita uwanda huo kwa jina lake. Wenyeji waliendelea kuuita Kitulo.

Enzi ya Wajerumani, mmisionari Adolf Stolz aliyekaa Kyimbila, Rungwe, alikusanya mimea kwa maelfu, akaikausha na kuipeleka Ulaya. Mingi leo ina jina lake. Mtaalamu wa okidi, Rudolf Schlechter wa Berlin, alizipa majina okidi nyingi za Afrika. Mojawapo ni Disa ukingensis, jina lililotokana na nchi ya Ukinga. Basi Mkinga, ujue kwamba nchi yako imeandikwa katika vitabu vya mimea vya dunia nzima kwa sababu ya ua.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Usiku mmoja wa Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliiangukia nyumba ya kuhifadhia mimea huko Berlin. Mkusanyo wa okidi wa Schlechter ukateketea. Sehemu kubwa ya kazi ya maisha yake ikawa majivu. Waliotaka kuziona tena okidi za huku zikiwa hai waliweza kuzitafuta zilikochimbwa, yaani milimani kwetu. Ghala la Berlin liliungua, la kwetu likabaki. Swali ni kama nasi tutaliacha lililobaki liishe kwa madebe.

Kosa langu mwenyewe

Sasa niungame. Nilipoanza kazi, nilisema moyoni: kiazi ni kiazi. Nikaomba kwa mkulima mmoja mimea iliyokuwa katika kipande alichotaka kukilima, nikaichimba ikiwa na maua, nikaitikisa udongo, nikaipeleka bustanini. Nikatengeneza matuta mazuri, nikaweka samadi iliyoiva vizuri, nikaongeza na mbolea ya chumvichumvi ili ikue haraka. Nilipoona doa kwenye majani, nikanyunyizia dawa ya ukungu. Kila jambo nililofundishwa juu ya viazi mviringo, nililitenda.

Baada ya majuma machache majani yakageuka manjano. Mwaka uliofuata, katika mimea ishirini na mbili, uliotokea ni mmoja tu, nao haukutoa ua. Viazi vingine nilipovifukua vilikuwa maji na harufu.

Wakulima walinicheka, na walikuwa na haki. Lakini mzee mmoja aliniuliza swali lililonifungua macho: "Hivi mbegu yake umewahi kuiona?" Nikasema sijaiona. Akanionyesha kifuko kilichokauka juu ya bua, akakipasua kwa ukucha. Likatoka vumbi, upepo ukalichukua. "Hiyo ndiyo mbegu," akasema. "Sasa chakula cha mtoto kiko wapi humo?"

Siri ya mbegu ya vumbi

Mzee yule aligusa jambo lililowasumbua watu wa Ulaya kwa karne nzima. Tazama punje ya hindi: ndani mna kijusi, na pembeni yake mna unga wa kukilisha mpaka kitoe majani. Mama amemfungia mtoto masurufu. Mbegu ya okidi haina unga huo. Kifuko kimoja kinaweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu, lakini kila moja ni kijusi kitupu ndani ya ngozi nyembamba. Kimetumwa safari bila chakula.

Watunza bustani wa Uingereza walizimwaga mbegu hizo kwenye vyungu, zikafa. Mara mojamoja zilichipua, hasa zilipomwagwa chini ya mmea mama, katika udongo uleule wa mama. Hawakujua kwa nini. Mtunza bustani John Dominy alizichanganya okidi mbili za ardhini za jamii ya Calanthe, na mwaka 1856 mtoto wao akatoa ua. Ilikuwa okidi ya kwanza ya kuchanganywa na mkono wa mtu kutoa ua. Lakini hata yeye alitegemea bahati.

Aliyeivumbua siri alikuwa kijana Mfaransa, Noël Bernard. Mwezi Mei mwaka 1899, akiwa bado katika utumishi wa jeshi, alitembea katika msitu wa Fontainebleau, akaona bua la okidi la mwaka uliopita limelala chini, limefunikwa na majani makavu. Mbegu zake zilikuwa zimeota palepale, zimejaa. Alipozitazama kwa darubini, ndani ya kila mche alikuta nyuzi za kuvu. Kila mche ulioota ulikuwa nazo.

Kuvu unakijua, ndugu mkulima. Ni jamaa ya uyoga, ule utando mweupe unaouona ukifukua majani yaliyooza. Kuvu hicho hula mabaki ya majani, kisha kikaingia katika mbegu ya okidi, na okidi ikakinyonya sukari na vyakula vingine. Masurufu ambayo mama hakumpa mtoto, mtoto anayapata kwa kuvu. Kwa hiyo mbegu inayoangukia pasipo na kuvu kinachopatana nayo hufa, hata kama udongo ni mzuri kiasi gani. Bernard alifariki mwaka 1911 akiwa na umri wa miaka 36 tu, lakini alikuwa ameacha ufunguo mlangoni.

Sasa unaona kosa langu. Udongo nilioutikisa mizizini ndio uliokuwa na kuvu. Dawa ya ukungu niliyonyunyizia ilikuwa sumu kwa yaya wa mtoto. Mbolea ya chumvichumvi na samadi nyingi havikufaa mmea uliozoea udongo maskini wa mbugani. Nilimtendea mgeni kama mwenyeji.

Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alipata njia ya pili. Alizisafisha mbegu, akaziweka katika chupa zisizo na vijidudu, juu ya rojo iliyogandishwa yenye sukari na madini, zikaota bila kuvu kabisa. Okidi nyingi zinazouzwa madukani duniani leo zimepitia njia hiyo. Lakini okidi za ardhini ni wakaidi zaidi kuliko zile za juu ya miti. Nyingi bado zinataka kuvu chao, na kila jamii ina uchaguzi wake.

Waingereza na ua moja

Ili ujue kazi hii inavyotaka subira, nikupe mfano mmoja. Uingereza kulikuwa na okidi ya ardhini yenye ua kama kiatu cha mwanamke. Watu waliichimba kwa uzuri wake, wakaipanda bustanini, wakaiuza, mpaka ikadhaniwa imekwisha kabisa. Mwaka 1930 ukapatikana mmea mmoja, mmoja tu, katika milima ya Yorkshire. Ukalindwa kwa siri, na wakati wa maua ukawekewa walinzi.

Baadaye wataalamu wa bustani ya Kew waliotesha mbegu zake katika chupa, na mwaka 1989 wakaanza kurudisha miche porini. Mche wa kwanza kutoa ua ulitoa mwaka 2000. Hesabu mwenyewe: miaka 11. Taifa tajiri, lenye maabara na mishahara, lilingoja miaka 11 kuona ua moja, kwa sababu wazee wao hawakuacha mimea ya kutosha. Kuacha mmea ulipo ni rahisi mara elfu kuliko kuurudisha.

Vanila inatufundisha nini?

Najua wapo watakaosema: "Mbona ndugu zetu wa Kagera wanalima vanila, na vanila nayo ni okidi?" Kweli, vanila ni okidi. Hebu tuitazame historia yake.

Vanila ilitoka Meksiko. Ilipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi ilikua, ikatoa maua, lakini haikuzaa, maana mdudu wa kuichavusha hakuwapo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond alionyesha kwamba kwa kijiti chembamba na kidole gumba unaweza kuinua ngozi ndogo iliyomo ndani ya ua na kuuunganisha uchavuzi. Mabwana wenye elimu walikuwa hawajapata njia inayomfaa mkulima. Mtoto asiyesoma aliipata. Baadaye, alipopewa uhuru, aliandikwa kwa jina la Edmond Albius. Mkulima wa vanila hata leo anafanya kazi kwa mkono wa mtoto yule.

Lakini angalia tofauti. Vanila huvunwa matunda, mti unabaki. Tena hupandwa kwa kukata kipande cha mti, haihitaji mbegu. Kinaka huvunwa roho yake, na kukatwa vipande hakukubali. Kwa hiyo hadi leo viazi vinavyoliwa hutoka porini. Akija mtu kukuuzia mbegu au miche ya kinaka akikuahidi mavuno ya msimu mmoja, mfungie mlango. Kinaka kilichoanzia kwenye mbegu kinataka miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

Kitulo na sheria

Serikali nazo hazikulala. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilio hatarini ulianza kufanya kazi mwaka 1975, na okidi zote ziliwekwa chini yake. Tanzania ilijiunga mwaka 1979. Maana yake ni kwamba okidi, au kiazi chake, haivuki mpaka kwa halali bila kibali.

Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa, eneo la kiasi cha kilomita za mraba 412, lenye aina 45 hivi za okidi za ardhini. Ilikuwa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuiita Bustani ya Mungu kabla ya gazeti la serikali kuandika neno. Ndani ya hifadhi kuchimba ni marufuku.

Lakini okidi hazisomi ramani. Nyingi ziko nje ya mpaka wa hifadhi, katika mbuga za vijiji, kando ya vinyungu, katika shamba lako na langu. Huko hakuna askari; mlinzi ni wewe.

Tufanye nini basi?

Haya, chukua kalamu.

Kwanza, usilime mbuga yote. Kama unafungua kinyungu, acha kipande chenye okidi bila kukigusa. Mara nyingi ni kipande chenye udongo maskini ambao ungekupa mavuno haba.

Pili, acha maua yakomae. Mmea usikatwe wala kulishwa mifugo mpaka vifuko vikauke na vipasuke vyenyewe. Vumbi lile likiangukia udongo wa mama, linakuta kuvu.

Tatu, angalia moto. Viazi vikiwa vimelala ardhini wakati wa kiangazi, moto mwepesi wa majani hupita juu. Moto unaokuja chipukizi zimekwisha kutoka ndio unaoua. Mifugo nayo isikanyage mbuga iliyolowa.

Nne, kama ni lazima kipande kilimwe, okoa mimea. Iwekee vijiti vya alama wakati wa maua, kisha ngoja majani yakauke. Ing'oe na bonge zima la udongo, upana wa jembe, usiutikise. Ihamishie mahali panapofanana na kwao: jua lilelile, unyevu uleule, kina kilekile. Usiweke mbolea, usiweke chokaa, usinyunyizie dawa ya ukungu. Mvua zikianza pawe na unyevu bila maji kusimama. Majani yakikauka, usimwagilie tena. Mwaga mbegu za mimea hiyohiyo pembeni ya mama. Usitegemee fedha hapo, maana hiyo ni akiba ya mbegu.

Tano, mjadiliane kijijini. Mnunuzi wa madebe huwapata wachimbaji mmoja mmoja. Kijiji chenye sauti moja kinaweza kukubaliana mbuga ipi ifungwe na kwa miaka mingapi.

Natambua kwamba hayo matano hayalipi ada ya shule. Nilirudi kwa yule mama mwaka uliofuata, nikiwa na aibu kidogo, nikiwa na mbegu bora za viazi mviringo badala ya hotuba. Tulipima shamba lake pamoja. Alipanda robo eka. Hakuniambia kwamba ameacha kuchimba kinaka, nami sikumwuliza. Aliniambia tu kwamba kuna kibonde kimoja nyuma ya nyumba yake ambacho wajukuu wamekatazwa kukigusa. "Pale namwachia Mungu mbegu yake," akasema.

Nilikwenda kukitazama. Nilihesabu mimea arobaini na moja yenye maua, nikaacha kuhesabu mvua ilipoanza.

Ndugu mkulima, jibu la swali letu ndilo hilo. Kinaka hatujajua kukilima, lakini kukitunza tunaweza, na atakayekuja kuvumbua namna ya kukilima atahitaji akute kimebaki. Huenda ni mtoto wako aliye darasani sasa.

Kama kijijini kwako mna mbuga yenye maua haya, mwite bwana shamba au bibi shamba wako muitembelee pamoja wakati wa mvua. Hadi hapo tutakapokutana tena katika kipindi kijacho, nakutakia kazi njema na mavuno mema. Kwaheri.